Treni ikikwama handakini: kwa nini abiria hukaa, na jinsi wanavyotoka

Kuna picha iliyopigwa ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini Daegu, Korea Kusini, tarehe 18 Februari 2003. Moshi umekwisha kuingia behewani. Abiria wameketi kwenye safu mbili zinazotazamana, baadhi wameziba pua kwa viganja. Hakuna anayegonga mlango wala anayepanda juu ya kiti. Treni yao haikuwa ile iliyotiwa moto; iliingia stesheni upande wa pili na kusimama ubavuni mwa ile iliyokuwa ikiwaka. Wakaambiwa wasubiri, wataondoka punde. Umeme ukakatika, moto ukavuka, na dereva alipokimbia na ufunguo wake, milango ikabaki imefungwa. Siku hiyo walikufa watu 192, na wengi wao walikuwa kwenye treni hii ya pili.

Kila anayeonyeshwa picha hiyo huuliza lile lile: mbona hawakutoka? Ukilijibu swali hilo vizuri, umeshaelewa zaidi ya nusu ya jinsi watu wanavyojiokoa kutoka treni iliyokwama handakini. Tunadhani hatari ni watu kukurupuka na kukanyagana. Kumbukumbu za ajali zinaonyesha kinyume: watu huchelewa kuinuka, na wakishainuka hufuata njia waliyoizoea, hata kama moshi nao umeichagua hiyo hiyo.

Jambo hili si la Wakorea peke yao; hata kwetu Kenya treni hupita mahandakini. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwishoni mwa mwaka 1901, ikiwa imeipanda na kuishuka miinuko ya Mau kwa taabu kubwa. Kule kaunti ya Kericho kuna mahali panapoitwa Tunnel hadi leo, kwa sababu ya handaki la reli. Njia hiyo ya kutoka Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217 hivi, ililala miaka kadhaa, ikakarabatiwa, na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021. SGR inayotoka Nairobi kwenda Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019, inapita chini ya Ngong kwenye handaki la kilomita 4.5. Na kila mpango wa kuifikisha SGR Kisumu na Malaba unapozungumzwa, Bonde la Ufa na miinuko ya Mau iko pale pale ikingoja kutobolewa. Kwa hiyo ni heri tuyajue mambo haya mapema.

Tuanze na kule kukaa.

Abiria ni mtu aliyefundishwa kukaa. Anapokata tikiti anaambiwa behewa lake na kiti chake. Anaambiwa asitoe kichwa dirishani, asisimame mlangoni, asikanyage reli. Tangu utotoni, ukizaliwa Kibos au Njoro, umeshachapwa kwa kuchezea relini. Treni ikisimama porini bila sababu, kazi ya abiria ni kuvumilia: anachungulia, anasonya, anampigia mtu simu kwamba atachelewa. Sasa moshi unaingia, na ghafla anatakiwa kufanya yote aliyokatazwa maisha yake yote, yaani kufungua mlango, kuruka chini na kutembea kwenye njia ya treni gizani. Haishangazi kwamba kitu cha kwanza anachofanya ni kumtazama jirani yake. Jirani naye anamtazama yeye. Kila mmoja anaona mwenzake ametulia, na anahitimisha kwamba basi hakuna neno.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walilijaribu jambo hilo kwa njia rahisi mno. Waliwaweka watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 kati ya kila 100 walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliowekwa na watu wawili ambao walikuwa wameagizwa wausahau moshi na kuendelea kuandika, ni 10 tu kati ya 100 waliotoka. Wengine walibaki wakijifuta macho na kupunga makaratasi ili waione fomu. Behewa lenye abiria themanini ni chumba cha namna hiyo, ila kina watazamaji wengi zaidi.

Kitu gani basi kinamwinua mtu kitini? Kengele haimwinui. Watafiti Guylène Proulx na Jonathan Sime walifanya majaribio katika stesheni ya Monument ya treni za mjini Newcastle, Uingereza, na kuyachapisha 1991. Kengele ilipolia peke yake, watu waliendelea kungojea treni yao. Wengine hawakujua hata ni ya nini. Walipoelezwa kwa kipaza sauti nini kimetokea, wapi, na waelekee njia gani, wakaondoka. Mfanyakazi mwenye sare akiwapo, mambo yalikwenda vizuri pia. Tofauti iliyoonekana haikutokana na wepesi wa miguu, maana abiria walikuwa wa aina ile ile. Ilitokana na maneno waliyosikia.

Hapa nina ugomvi na tabia moja ya wakubwa wa usafiri duniani kote, wa kwetu wakiwamo: kuficha habari ili watu wasitaharuki. Treni tatu za chini ya ardhi za London zilipolipuliwa kwa mabomu tarehe 7 Julai 2005, walikufa watu 52 kwa jumla, pamoja na wale wa basi lililolipuliwa siku hiyo hiyo. Mamia ya wengine walibaki ndani ya mabehewa, chini ya ardhi, gizani, na harufu ya kuungua. Mwanasaikolojia John Drury na wenzake walikusanya simulizi za walionusurika. Walichokuta ni watu wasiojuana wakifungana vidonda, wakigawana maji, wakipangana foleni ya kutoka, wakimngoja asiyeweza kutembea upesi. Walikuwapo waliolia na kupiga mayowe, ndiyo, lakini mtu anaweza kulia huku amemshika mwenzake mkono. Anayeficha habari kwa kuogopa taharuki anamnyima abiria kitu pekee ambacho kingemwondoa pale alipoketi.

Tangazo linalofaa halihitaji ufundi. Anayesema ajitambulishe, aseme kuna moto behewa gani, aseme tokeni sasa, acheni mizigo, shukeni mlango wa upande wa kushoto, elekeeni nyuma ya treni. Kisha alirudie, na akimaliza alirudie tena. Tangazo baya tunalijua sote: "Kuna hitilafu ndogo, tafadhali endeleeni kuwa watulivu." Mtu akishaambiwa hitilafu ni ndogo, moshi utamfikia magotini bado anaamini ni ndogo.

Haya, wameinuka. Sasa kuna mlango.

Treni imetengenezwa kwa ajili ya jukwaa la stesheni. Ukiwa jukwaani, kutoka ni hatua moja tu. Handakini hakuna jukwaa, na kutoka sakafu ya behewa hadi kwenye kokoto ni zaidi ya mita moja. Mabehewa ya zamani ya njia ya Kisumu yana ngazi mwishoni mwa kila behewa, lakini hata ile ngazi ya chini kabisa inakuacha juu, ukitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu.

Niliwahi kuliona hilo kwenye kituo kimoja kidogo upande wa Muhoroni, ambapo behewa letu lilisimama mbele ya mahali pa kushukia. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na gunia la viazi vya Molo. Kijana wa treni alisimama chini, mikono juu.

"Mama, nipe mtoto kwanza."

"Mtoto nimemfunga, baba. Wewe pokea gunia."

Gunia likashuka kwa kishindo. Kisha mama akageuka, akashika vyuma vya mlangoni, akaanza kushuka kinyumenyume, mguu mmoja ukipapasa hewani. Kijana akaushika ule mguu, akauweka penye ngazi. Mama akacheka kwa haya, akavuta leso chini, akashusha mguu wa pili. Alipofika chini, foleni nyuma yake ilikuwa imefika katikati ya behewa. Hayo yalikuwa mchana kweupe, hakuna moshi, na kuna mtu wa kumpokea.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme behewa lina watu 80 na linatumia mlango mmoja, na kila mtu anachukua sekunde 5 kushuka. Wa mwisho atagusa kokoto karibu dakika ya saba. Wakiwa wengi ni kama yule mama, sekunde 10 kwa kila mmoja, inazidi dakika 13. Watafiti wa Uswidi, ambao ndio wamelichimba suala hili kuliko wengi, wameona jambo jingine la kibinadamu kabisa: aliyeshuka haondoki. Anasimama pale pale chini ya mlango ili amsaidie anayefuata, au amngojee ndugu yake. Ni wema mtupu, na mara nyingine bila yeye wazee wasingeshuka kabisa, lakini wasaidizi wakizidi wanaziba nafasi ya kukanyaga.

Mizigo nayo ni habari ndefu. Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda kwao Desemba amebeba mwaka mzima ndani ya begi moja. Usimwambie aliache kwa sauti ya kubembeleza, hataliacha.

Akishashuka, abiria anajikuta kwenye kijia cha ukutani, au hata hicho hakipo na inabidi atembee juu ya kokoto na mataruma. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mahandaki ya reli zinataka kijia kisipungue sentimita 80 kwa upana. Upana huo unamtosha mtu mmoja. Wawili hawapishani bila kusukumana. Maana yake ni kwamba kasi ya mstari mzima ni kasi ya yule wa mbele aendaye polepole kuliko wote. Kijana wa miaka ishirini anayejisifu kukimbia mbio za Eldoret atatembea kwa mwendo wa bibi mwenye magoti mabovu, kwa kuwa bibi ametangulia. Wanaochora mipango kwa kutumia kasi ya mtu mzima mwenye afya, ambayo ni mita 1.2 au 1.3 kwa sekunde, wanajidanganya kuanzia mstari wa kwanza.

Na hiyo ni kasi ya mahali penye hewa safi. Katika miaka ya 1970 Tadahisa Jin wa Japani alitembeza watu kwenye ujia wenye moshi na kupima. Moshi ukiwa wa kuwasha macho, watu hufika mahali wakatembea sawa na mtu aliyefungwa kitambaa usoni, mita 0.3 hadi 0.5 kwa sekunde. Macho hayafunguki, hatua hazinyooki, mkono unatafuta ukuta. Karl Fridolf na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wakaja wakafanya jaribio ndani ya handaki halisi. Walijaza moshi kwenye kipande cha mita 200 na kuwapitisha watu 100, mmoja mmoja, uwezo wa kuona ukiwa kati ya mita 1.5 na 3.5. Kwa wastani walitembea mita 0.9 kwa sekunde.

Lakini kwangu namba hiyo si ndiyo tunda la jaribio lile. Kubwa ni kwamba watu walishika ukuta. Aliyeanza na ukuta wa kulia alibaki na wa kulia, wa kushoto vivyo hivyo. Mlango wa dharura ukiwa upande ule mwingine, mtu anaweza kuupita umbali wa mita chache tu bila kujua kama upo, kwa sababu kuuachia ukuta ndani ya moshi ni kukiachia kitu pekee unachokijua. Taa zilisaidia kiasi, ila moshi mzito hutawanya mwanga, na ndiyo sababu tochi ya simu humrudishia mtu weupe wake mwenyewe usoni. Kilichofanya kazi vizuri kuliko vingine ni kipaza sauti kilichowekwa penye mlango wa dharura. Mtu haoni, lakini anasikia, na sikio linajua kushoto na kulia.

Sasa chukua namba hizo uziweke kwenye handaki la kilomita 4.5. Treni ikikwama katikati kabisa, kila upande kuna mita 2,250. Kwa hewa safi na mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ni dakika 31. Kwa mita 0.9 za wale Waswidi, dakika 42 hivi. Kwa mita 0.5, saa moja na robo. Hakuna mapafu yanayostahimili moshi wa treni kwa muda huo. Kwa hiyo handaki refu likitegemea midomo yake miwili tu, kasi ya miguu haina msaada wowote. Inabidi kuwe na pa kuingilia karibu zaidi. Kanuni hizo hizo za Ulaya zinataka mahandaki pacha yaunganishwe kwa njia za kuvukia kila mita 500 au chini ya hapo, na pale ambapo mtu anatoka moja kwa moja nje, isizidi mita 1,000. Kwa mita 500, aliye mbali kuliko wote ana mita 250 za kutembea. Kwa mwendo wa 0.9, hizo ni chini ya dakika tano. Hata kwa mwendo wa kupapasa wa 0.5, ni dakika nane na kidogo.

Handaki la Channel, linalounganisha Uingereza na Ufaransa kwa zaidi ya kilomita 50, lina njia hizo kila mita 375, na zinaingia kwenye handaki dogo la huduma lililo katikati ya yale mawili ya treni. Tarehe 18 Novemba 1996 treni ya kubeba malori iliwaka moto humo. Ndani yake walikuwamo watu 34, na moshi uliwafunika hata wasiuone mlango wa kuvukia ulio karibu nao. Walipofanikiwa kuupita walikuwa salama, wote 34. Siri yake ni hewa. Handaki la huduma huwekwa kwenye msukumo mkubwa zaidi wa hewa, hivyo mlango ukifunguliwa hewa safi hutoka kwa nguvu kuelekea kwenye treni, na moshi haupati nafasi ya kuingia. Gotthard ya Uswisi, kilomita 57, iliyofunguliwa Juni 2016, imeongeza stesheni mbili za dharura ndani kwa ndani ambako treni yenye tatizo inaweza kusimama na watu wakatoka penye jukwaa.

Hadi hapa nimesema kana kwamba pande mbili za handaki ni sawa. Si sawa hata kidogo, na Kaprun ndipo palipofundisha hilo kwa gharama kubwa.

Tarehe 11 Novemba 2000, huko Austria, treni ya kupanda mlima iliyojaa watu waliokuwa wakienda kuteleza kwenye theluji ilishika moto nyuma, chini, muda mfupi baada ya kuingia handakini. Handaki lile lilikuwa mteremko mkali, zaidi ya kilomita tatu, na moto ulipowaka chini likafanya kazi ya dohani: hewa ikavutwa kutoka chini, joto na moshi vikapanda. Abiria walinaswa ndani, milango haifunguki, wakavunja madirisha kwa vifaa vyao vya theluji. Wengi waliotoka walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Walipanda juu, kuukimbia moto. Moshi ulipanda kwa kasi kuliko wao. Walikufa watu 155, wakiwamo watatu waliokuwa kituo cha juu kabisa, mbali na treni. Walionusurika ni 12. Hao walitoka upande wa nyuma na kushuka, wakiupita moto wenyewe, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mzimamoto wa kujitolea aliyeelewa moshi unaelekea wapi.

Fikiria jinsi ushauri ule ulivyosikika wakati huo. Moto uko chini, na mtu anakwambia teremka kuufuata.

Handaki lisilo na mteremko lina kigeugeu chake, yaani feni. Mahandaki mengi marefu yana feni kubwa zinazosukuma hewa upande mmoja. Ikivuma kwa kasi ya kutosha, karibu mita 3 kwa sekunde kulingana na ukubwa wa moto, moshi wote huelekea huko, na upande wa pili hubaki na hewa safi. Mpango mzuri kabisa, kama watu wanajua ni upande gani, na kama anayebonyeza kitufe anajua watu wako wapi. Mjini Baku, Azerbaijan, tarehe 28 Oktoba 1995, treni iliwaka kati ya stesheni mbili na kusimama mita 200 hivi kutoka ile waliyoiacha. Watu walishaanza kutoka wakati mwelekeo wa hewa ulipobadilika na moshi ukawageukia wao. Walikufa watu 289. Mjini Washington, Januari 2015, treni ilikwama karibu na stesheni ya L'Enfant Plaza katika moshi uliotoka kwenye nyaya za umeme. Feni hazikuendeshwa ipasavyo, abiria wakakaa zaidi ya nusu saa wakisubiri kuokolewa, na mmoja akafa. Kwa hiyo mtu aliye chumba cha kuongozea treni, pengine kilomita mia moja kutoka handakini, ana uwezo wa kuokoa au kuangamiza kwa swichi moja. Abiria haioni feni hiyo. Anachoweza kufanya ni kuhisi upepo usoni, na ikiwa hajaambiwa lolote, kuelekea kule upepo unakotoka ni bahati nasibu iliyo afadhali kuliko nyingine.

Baada ya milango, vijia, njia za kuvukia na feni, wahandisi wa reli wamekubaliana juu ya jambo moja ambalo lingeweza kuwekwa mwanzo kabisa: treni isisimame handakini. Wajapani waliligundua kwa njia ya kuudhi. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1972 treni iitwayo Kitaguni ilishika moto kwenye behewa la chakula ikiwa ndani ya handaki la Hokuriku, lenye karibu kilomita 14. Kanuni ya wakati huo ilisema treni ikiwaka isimame mara moja. Dereva akatii. Wakafa watu 30. Na miaka mitatu kabla, 1969, katika handaki lile lile, dereva mwingine alikuwa amekataa kusimama. Aliiendesha treni yake inayowaka hadi nje, moto ukazimwa, hakufa mtu. Akaadhibiwa kwa kuvunja kanuni. Ilibidi hao thelathini wafe ndipo kanuni ikageuzwa.

Leo treni za abiria za Ulaya zinazopita mahandaki marefu hutakiwa kuwa na uwezo wa kuendelea kwenda zikiwa na moto ndani, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, kwa dakika 15. Ukipima kwa Ngong, kilomita 4.5 kwa kasi hiyo ni dakika tatu na nusu hivi. Linganisha na saa moja na robo ya kupapasa ukutani. Hii ndiyo sababu kile kishikio chekundu cha kusimamisha treni, ambacho kila mtu anadhani ndicho mkombozi wake, kwenye treni nyingi za kisasa humpa dereva taarifa kwanza badala ya kufunga breki pale pale. Ukiona moshi na treni bado inakwenda, mwache dereva aende. Hama behewa, funga mlango wa katikati nyuma yako, mwambie kondakta.

Kutoka handakini nako si mwisho. Aprili 2015 treni ilitoa moshi ndani ya handaki la Seikan, lililo chini ya bahari kati ya visiwa viwili vikubwa vya Japani. Abiria 124 walishuka, wakatembea hadi kwenye stesheni ya zamani ya chini, kisha wakakwama kwenye foleni ya gari la kuvutwa kwa kamba linalopanda juu, kwa sababu linabeba watu wachache kwa zamu moja. Hakuna aliyekufa. Ilichukua saa kadhaa. Mtu anayechora handaki la kwenda Kisumu ajiulize swali hilo pia: watu mia tano wakiibukia kwenye mlango wa dharura ulio katikati ya mashamba ya chai, usiku, mvua inanyesha, barabara ni ya udongo, basi lipi linawafikia?

Na kabla ya hapo kuna mazoezi. Rahisi ni kuleta vijana wa chuo na maaskari, kuwashusha kwenye treni mchana, kupima muda, kupiga picha na kutoa taarifa kwamba wote walitoka kwa dakika chache. Zoezi la namna hiyo linapima vijana tu. Ningependa kuona treni iliyojaa ya Desemba, saa mbili usiku, taa zimezimwa. Awemo bibi wa Kibos na mjukuu wake, awemo mwenye kiti cha magurudumu, awemo mlevi anayelala behewa la mwisho, wawemo wafanyabiashara na magunia yao ya kweli. Matangazo yaanze kwa Kiswahili, na kondakta anayejua Kikipsigis au Kijaluo ayarudie kwa sauti yake mwenyewe, akipita behewa hadi behewa, kwa sababu bibi akiamka usingizini atasikia lugha ya nyumbani kwake kwanza. Wasiambiwe mapema ni lini. Na mwenye saa ya kupimia aianzishe moshi wa kwanza unapoonekana, asingoje mguu wa kwanza uguse kokoto.